Vidole Vilisoma, Ulimi Ukarudi Nyumbani

Mwezi wa tisa bado tulikuwa na kafyu ya saa nne usiku. Dada yangu ni nesi, na wiki hizo alikuwa zamu ya usiku, kwa hivyo mtoto aliachiwa mimi. Yeye anatoka saa kumi na moja jioni kabla mathree hazijapandisha nauli, mimi nabaki na msichana wa mwaka mmoja na nusu asiyetaka kusikia habari ya kulala. Nilijaribu uji. Nilijaribu katuni. Nilimbeba mgongoni kwa leso nikazunguka meza hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Kilichomlaza mwishowe ni gitaa la Mswidi.

Albamu inaitwa Local Valley, ya José González, na ilitoka tarehe 17 Septemba 2021. Niliiwasha kwa sababu ya kazi. Nilitaka kuandika maneno mia nane ya haraka, nilipwe, niende zangu. Nikaiweka kwa spika ndogo ya Bluetooth juu ya friji, wimbo wa kwanza, "El Invento", ukaanza, na kabla haujaisha mtoto alikuwa ameweka shavu begani mwangu. Sikuamini. Nikaurudia. Kesho yake nikaurudia tena. Mashujaa Dei ilipofika na kafyu ikaondolewa, nilikuwa nimeuskiza huo wimbo mara nyingi kuliko wimbo wowote mwaka huu, na maneno mia nane yalikuwa hayajaandikwa, kwa sababu nilikuwa na swali ambalo halikuwa na haraka: huyu jamaa ametoa muziki kwa karibu miaka ishirini, mbona ni sasa ndiyo ninamwamini?

Kama humjui kwa jina, pengine unamjua kwa sauti. Mwaka 2005 kampuni ya Sony ilimwaga mipira ya rangi 250,000 kwenye mteremko wa barabara ya San Francisco ili iuze televisheni, na wimbo uliokuwa unacheza chini ya mipira ile ni "Heartbeats", kazi ya kundi la The Knife ambayo González aliivua vinanda vyote akaiacha na gitaa na sauti tu. Kama ulikulia kwenye kibanda cha mtaa ambako mchezo unalipiwa kwa saa, na ukacheza Red Dead Redemption, basi unakumbuka pale John Marston anapovuka mto kuingia Meksiko, farasi anatembea polepole na mtu anaimba. Ni yeye. Na kama uliona filamu ya The Secret Life of Walter Mitty ya 2013, ni yeye tena. Ni msanii ambaye watu wengi wamemskia wakiangalia kitu kingine.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu naye. Muziki wake ulikuwa mzuri kama maji ya glasi. Unakunywa, unashukuru, unasahau.

*

Tuanze na vidole, kwa sababu kila mtu anayemwandika huanza hapo.

González alijifunza gitaa la klasiki. Gitaa hilo lina sheria zake. Nyuzi ni za nailoni, si za chuma. Hazikwaruzwi kwa kipande cha plastiki, zinaguswa kwa vidole na kucha. Dole gumba limepewa besi. Shahada, kidole cha kati na cha pete vinagawana nyuzi nyembamba. Mwanafunzi anatumia miaka kufundisha kila kidole kujitegemea, ili dole gumba liende na safari yake pale chini huku wenzake wakiimba juu, na mtu aliye nje ya mlango aape kwamba chumbani kuna wapigaji wawili.

Ila kabla hujamfikiria kama mtoto wa kola iliyopigwa pasi, jua kwamba ujana wake alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya punk ya kelele mjini Gothenburg. Ukiskiza vizuri, punk haikuondoka. Kazi nyingi za gitaa la klasiki ni za kusafiri: zinaanza mahali, zinapanda, zinateremka, zinafika. Yeye anakataa kusafiri. Anachukua mzunguko mfupi, anaupiga tena na tena na tena, na unachosubiri kibadilike hakibadiliki, mpaka wewe mwenyewe ndiye unabadilika. Hapo hajatoa kwa mabwana wa Uhispania. Ametoa jangwani, kwa wapiga gitaa wa Mali na Sahara, na hajawahi kuficha kwamba amewaskiza Ali Farka Touré na Tinariwen. Albamu yake ya 2015, Vestiges & Claws, ilikuwa tayari imefika huko. Kwenye Local Valley, wimbo wa "Valle Local" unazunguka hivyo hivyo, dole gumba likipiga besi kama mtu anayetwanga, nyuzi za juu zikijibu.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kidonda cha zamani. Mimi gitaa nilifunzwa kwanza na mjomba wangu huko Vihiga, kwa vidole viwili: dole gumba na shahada. Nilipofika Nairobi nikalipia masomo kwa mwalimu aliyesomea muziki kabisa. Somo la kwanza aliangalia mkono wangu kama daktari anavyoangalia jino bovu, akaniambia kwamba nilichojua kilikuwa makosa, na kwamba ingechukua mwaka kuyafuta. Nilikaa miezi minne. Sikufuta chochote, na pesa ziliisha.

Vidole viwili hivyo ndivyo alivyopigia George Mukabi, bingwa wa omutibo, mtu wa Kisa, aliyekufa mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mwenzake anagonga chupa ya Fanta kushika mdundo, yeye dole gumba linatembea, shahada inaimba. Ndivyo alivyopiga pia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na ambaye wapigaji wa huku kwetu walimskiza mpaka santuri zikachubuka. Hakuna aliyewapa cheti. Lakini kile ambacho shule ya klasiki inatafuta kwa miaka, yaani dole gumba lenye akili yake na sauti mbili ndani ya mkono mmoja, wao walikuwa nacho tayari.

Kwa hivyo watu wakiniambia González ni mzuri kwa sababu amesomea gitaa, mimi nasema polepole. Amesoma, ndiyo, na inaskika: hakuna noti inayoponyoka, hakuna kidole kinachopiga kelele kuliko wenzake. Lakini kilichomfanya awe yeye ni kwamba alisoma halafu akaenda kuketi kwa miguu ya watu ambao shule haikuwahesabu. Mwalimu wangu angeshtuka kumwona anavyolegeza na kukaza nyuzi upya karibu kila wimbo, akivunja mpangilio ule tuliofundishwa kuheshimu. Elimu yake ya vidole ni chombo tu. Swali ni anabeba nini ndani ya hicho chombo, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa: sijui, na sidhani anataka nijue.

*

Hadithi ya maisha yake ina mambo mawili yanayohusu albamu hii.

La kwanza ni kwamba aliacha shule. Alikuwa anafanya utafiti wa PhD ya biokemia huko Gothenburg wakati Veneer, albamu yake ya kwanza, ilipotoka mwaka 2003. Muziki ukashika, maabara ikabaki. Watu wananitumia hadithi za namna hii wakidhani zitanifariji, maana mimi pia niliacha chuo. Asanteni, lakini si kitu kimoja. Yeye alitoka na albamu mkononi. Mimi nilitoka na karo ambayo sikuwa nimemaliza kulipa. Ninachochukua kutoka kwa hadithi yake ni kingine: maabara haikumtoka kichwani. Nyimbo zake za Kiingereza zimejaa fikra za mwanasayansi anayetazama binadamu kutoka mbali sana, kama mnyama mmoja kati ya wanyama, kwenye sayari moja ndogo. Ni mtu asiye na dini na hafichi.

La pili ni lugha. Wazazi wake ni Waajentina. Walikimbia baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1976, wakapata hifadhi Uswidi, na yeye akazaliwa Gothenburg mwaka 1978. Nyumbani Kihispania, nje Kiswidi, na alipoanza kuimba peke yake akachagua Kiingereza. Albamu tatu, Kiingereza. Halafu mwaka 2017 akapata binti, akaanza kuzungumza naye Kihispania kila siku, na kitu ambacho alikuwa amejaribu bila kufaulu, kuandika wimbo kwa Kihispania, kikafunguka. Wimbo wenyewe ni "El Invento". Local Valley ndiyo albamu yake ya kwanza kuwa na lugha zake zote tatu.

Sasa skiza tofauti. Skiza "Head On", wimbo wa Kiingereza, ambao anawakabili walafi na wenye mamlaka wanaonyonya wasichozalisha. Nakubaliana naye kila neno. Nani Nairobi asiyekubaliana? Lakini sentensi zote ni amri. Fanya hivi, simama hivi, chagua hivi. Skiza "Visions", vilevile Kiingereza, mrefu, unaozunguka kama dua, na ndege wanalia nyuma kwa sababu alirekodi kwenye nyumba ya mapumziko ya familia huko Hakefjorden, pwani ya magharibi ya Uswidi. Ndege ni wazuri. Gitaa ni zuri. Lakini anayezungumziwa ni "sisi", viumbe wote tulio hai, na mimi nikiambiwa "sisi" kwa ukubwa huo huwa naangalia nyuma nione kama kuna mtu mwingine anaitwa.

Halafu skiza "El Invento". Hakuna amri hata moja. Kuna maswali. Tafsiri niliipata kwa kusumbua rafiki aliyesoma Kihispania, na kadiri ninavyouelewa, ni baba anauliza yale maswali ambayo mtoto atayauliza kabla hajafika darasa la kwanza: sisi ni nani, tumetoka wapi, tunaenda wapi. "Invento" ni kitu kilichobuniwa, na wimbo unacheza na wazo kwamba binadamu, akikosa jibu, hubuni. Mtu yule yule, imani ile ile ya maabara, gitaa lile lile. Lakini kwa Kiingereza anahubiria dunia, na kwa Kihispania ana mtu mmoja tu mbele yake, mdogo, mwenye macho mawili, anayemwangalia mdomo. Huwezi kumhubiria mtoto wa umri huo. Atalala au atalia. Inabidi useme naye.

Hapo ndipo nilianza kumwamini. Sauti yenyewe imebadilika. Kwa kawaida anaimba mara mbili, sauti moja juu ya nyingine, mpaka anakuwa kama ukungu, huoni mtu. Kwa "El Invento" ukungu bado upo lakini maneno yana ncha. Silabi nyingi za Kihispania zinaisha kwa irabu kama zetu, kila moja inatua, na kwa mara ya kwanza nasikia sauti yake na dole gumba lake vikitembea kwa mguu mmoja.

*

Ningeweza kuishia hapa na kusema: mnaona, imba kwa lugha ya mama. Ni hitimisho tamu na lingepigiwa makofi. Ila si kweli, na albamu yenyewe inalikataa.

Kwenye albamu hii kuna "En Stund På Jorden", maana yake kitambo kidogo duniani. Si wimbo wake. Ni wa Laleh, mwanamke mwenye asili ya Iran ambaye ni nyota Uswidi, na ameuandika kwa Kiswidi. Kwa hivyo una mtoto wa wakimbizi wa Ajentina anaimba maneno ya mtu ambaye familia yake ilitoka Iran, kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeirithi kutoka kwa bibi. Na ni mojawapo ya nyimbo bora hapa. Ameupunguza hadi mifupa, na mifupa inasimama.

Na ukirudi kwetu, Mukabi alikuwa Mluhya, lakini "Sengula", wimbo ambao hata vijana wa mtaa wanaujua bila kujua ni wa nani, ni wa Kiswahili. Bosco naye Kiswahili hakikuwa lugha ya ukoo wake, lakini ndicho alichoimbia. Hakuna anayeweza kuniambia hawakuwa nyumbani humo ndani. Waliimba kwa Kiswahili kwa sababu walijua nani ameketi mbele yao: mpangaji wa chumba kimoja, kibarua wa reli, msichana wa baa aliyetoka mbali kama wao.

Kwa hivyo si suala la damu. Suala ni kama mwimbaji anajua anamwimbia nani. González akiimba Kiingereza anaimbia kila mtu, na kila mtu si mtu. Akiimba Kihispania anaimbia binti yake. Akiimba Kiswidi anaimbia jirani. Kiingereza hakina kosa lolote, kosa ni umbali aliosimama alipokuwa anakitumia.

Nasema hivi nikijua niko wapi. Baba yangu alizungumza Kimaragoli kwenye simu pekee. Akikata simu, anarudi kwetu kwa Kiswahili. Mimi na dada yangu tunaelewa salamu, matusi, na sala ya chakula. Sasa dada yangu anamwongelesha mtoto Kiingereza, kwa sababu pale anapomwacha mchana waliambiwa watoto wanaoongeleshwa Kiingereza nyumbani hawasumbuki wakifika shule. Simlaumu. Amefanya kazi usiku kucha na anataka mtoto asisumbuke. Lakini nimemskia akimwambia Kiingereza, na nimemskia akimwambia "njoo hapa we mtoto" alipokaribia kushika pasi ya moto. Hiyo ya pasi ndiyo mtoto aliitikia.

*

Nimesema albamu ina nyimbo dhaifu, na si haki kuzipita kimya kwa sababu mtoto alilala.

Ya kwanza ni "Line of Fire". Wimbo huu alishauimba na Junip, bendi yake nyingine, kwenye albamu yao ya 2013, na pale ulikuwa unajengeka taratibu kama mawingu ya mvua ya Aprili, ala moja juu ya nyingine, hadi ukihisi unyevu. Hapa ameurudisha kwenye gitaa peke yake. Ni nadhifu. Lakini "Heartbeats" ilituonyesha kwamba ukivua wimbo nguo lazima uwe umegundua kitu chini yake. Hapa hakugundua kitu. Ulikuwa na nguo nzuri, zimetolewa, basi.

Ya pili ni suala la mashine ya ngoma. Kwa mara ya kwanza ameleta midundo ya mashine, kwa "Swing", "Lasso In" na "Tjomme". Nilipoona hivyo nilifurahi, kwa sababu mtu wa mizunguko kama yake anakaribia sana dansi, ni kama amesimama mlangoni kwa miaka ishirini akikataa kuingia. "Tjomme", iliyo kwa Kiswidi, imeingia kabisa. Nilimskia mtoto akigonga sahani yake kufuata. "Swing" inaalika watu kucheza na ina ucheshi ambao sikujua anao. Lakini mashine yenyewe ni nyembamba, tiki-tiki-tiki, haina mwili, na mtu ambaye dole gumba lake linaweza kufanya kazi ya mpiga ngoma hahitaji kuajiri msaidizi dhaifu kuliko yeye. Chupa ya Fanta ingetosha. Sitanii. Chupa ina pumzi, kwa sababu anayeigonga anachoka, anachelewa kidogo, anawahi kidogo. Mashine haichoki, na gitaa hili linahitaji mwenzake anayechoka.

Ya tatu ni urefu. Nyimbo kumi na tatu ni nyingi kwa mtu mwenye rangi chache. Ningeondoa tatu na hakuna ambaye angeenda kuripoti polisi.

Lakini nyimbo dhaifu haziharibu albamu hii jinsi zilivyoharibu zile za mbele yake kwangu, kwa sababu sasa nina mahali pa kurudi. Nikichoka na mahubiri, narudi mlangoni, "El Invento", na nakumbuka mhubiri huyu ana mtoto nyumbani. Hata "Visions" nimeanza kuiskia tofauti. Pengine "sisi" yake ile kubwa ilizaliwa kutoka kwa "wewe" ndogo. Ningetaka tu aiandike hivyo siku nyingine.

*

Mwezi wa kumi mama alikuja kumwona mjukuu. Usiku wa kwanza mtoto akakataa kulala kwa sababu kuna mgeni wa kuchezea, na mimi kwa mazoea nikawasha spika. Mama alikuwa anachambua sukuma. Akaskiza mpaka katikati, mkono ukasimama.

"Huyu anaomba?" akaniuliza.

Mama ni mtu wa kanisa. Si wa Jumapili pekee, ni wa maombi ya alfajiri na kufunga Ijumaa. Nilifikiria kusema ndiyo tu, mambo yaishe. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama, huyu haamini Mungu. Anamuuliza mtoto wake tumetoka wapi, na anafikiri majibu ambayo watu hupeana ni ya kubuni.

Alinyamaza. Akaendelea na sukuma. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, ndege wa Uswidi wakaanza kulia juu ya friji yetu.

"Mtoto amelala?"

"Amelala."

"Basi mwache aulize."

Sijui kama alikuwa anamruhusu González au alikuwa ananiruhusu mimi, ambaye sijakanyaga kanisa tangu niache chuo na ambaye hatujawahi kuongea juu ya hilo. Lakini nilifikiria kwamba wimbo ulikuwa umefanya kitu ambacho "Head On", pamoja na ukweli wake wote, haungeweza kufanya chumbani mle. Kama González angekuja na amri, mama angejibu kwa amri, na anazo nyingi, zina sura na mistari. Alikuja na maswali na mtoto begani, na mtu mwenye mtoto begani hafukuzwi.

Baadaye nikamwomba mama aniimbie aliyokuwa anatulazia nayo sisi. Akacheka, akasema amesahau. Halafu akaikumbuka, Kimaragoli, mistari minne hivi, anarudia, anarudia, mzunguko mfupi usiosafiri. Nikatafuta noti kwenye gitaa la mjomba, dole gumba na shahada. Vidole viwili vilitosha kabisa.

Nimeujaribu wimbo huo kwa mtoto mara tatu tangu mama arudi. Mara zote tatu ameamka kabisa, ameketi, ananiangalia mdomo kama mtu anayeona sinema, anacheka ninapokosea maneno, na nadhani nayakosea mengi. Halali. Ikifika saa tano nimechoka nawasha spika, baba wa Gothenburg anaanza kuuliza maswali yake kwa Kihispania, na mtoto analala.

Nitaendelea kujaribu. Dada anasema jana mchana alimskia akiimba peke yake huku akivua soksi. Hakutambua ni lugha gani.